Kusawazisha kabureta ya pikipiki nyumbani: vifaa vya kuungaunga na hatua za kufuata

Msikilizaji wetu wa Masasi, Newala na vijiji vya jirani, pikipiki ikianza kuzima kila unaposimama, ikila mafuta kuliko zamani au ikikohoa unapopandisha kwenda Newala, neno la kwanza utakalolisikia kijiweni ni "kabureta". Mara nyingi ni kweli. Lakini mara nyingi pia kabureta hufunguliwa bila sababu, ikarudishwa vibaya, na tatizo la kusafisha tu likageuka kuwa la kununua pistoni.

Kwa dereva wa bodaboda mwenye hesabu ya kupeleka kwa tajiri jioni, siku moja bila pikipiki ni deni. Kwa familia ya kijijini, pikipiki isiyowaka usiku ni mgonjwa aliyechelewa kufika Mkomaindo au hospitali ya Newala. Ndiyo maana tumeandika makala hii kwa hatua, usome taratibu ukiwa umekaa pembeni ya chombo chako.

Neno "kusawazisha" lina maana mbili

Wasikilizaji wengi huuliza jinsi ya "kusawazisha kabureta". Kwenye pikipiki kubwa zenye silinda mbili au nne, kila silinda inaweza kuwa na kabureta yake. Hapo kusawazisha ni kuhakikisha zote zinafunguka sawa, ili silinda moja isibebe kazi ya nyingine.

Pikipiki tulizozizoea huku, kama Boxer, TVS, Haojue na Sanlg, zina silinda moja na kabureta moja. Huwezi kuisawazisha na nyingine ambayo haipo. Kwetu, kusawazisha ni kuweka uwiano mzuri wa hewa na mafuta, pamoja na mlio wa chini, ule ambao mafundi huuita "silensi". Tutaanza na hilo kwa sababu ndilo la wengi. Kabureta mbili zitafuata baadaye.

Kama pikipiki yako ni ya kisasa inayotumia mfumo wa kupuliza petroli kwa umeme, haina kabureta, na makala hii si yake.

Kabureta inafanya kazi gani

Injini inavuta hewa. Hewa hiyo ikipita kwa kasi kwenye koo jembamba la kabureta, inanyonya petroli kupitia vitundu vidogo vinavyoitwa jeti, na vyote viwili vinaingia ndani vikiwa mchanganyiko. Petroli ili iungue vizuri inahitaji hewa takriban mara 14.7 ya uzito wake.

Petroli ikizidi, plagi inashika masizi, ekzosi inatoa moshi mweusi, na mafuta yasiyoungua yanaosha oili kwenye kuta za silinda, ringi zikaisha mapema. Petroli ikipungua, injini inapata joto kali, inakosa nguvu mlimani, na ukiilazimisha na mzigo mzito pistoni inaweza kuganda. Hali hii ya pili ni ya hatari zaidi, kwa sababu mwanzoni dereva hufurahi kwamba pikipiki "haili mafuta".

Usalama kabla ya spana

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hautawanyiki juu kama moshi, unatambaa chini mpaka ukutane na moto. Kwa hiyo fanya kazi nje, mchana, mbali na jiko la mkaa, mafiga, sigara na kibatari. Usifungue kabureta sebuleni wala jikoni.

Usinyonye petroli kwa mdomo. Usiiweke kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa, maana mtoto hatofautishi. Ikitokea mtoto amekunywa, usimlazimishe kutapika, kwa sababu petroli inaweza kuingia kwenye mapafu. Mwahishe kituo cha afya.

Ndoo ya mchanga iwe karibu. Petroli ikiwaka, imwagie mchanga, si maji. Na injini inapounguruma, usikae nayo kwenye chumba kilichofungwa, kwa sababu moshi wa ekzosi unaua.

Vifaa vya kuungaunga

Hivi vinapatikana kijijini bila kwenda dukani:

- Bisibisi bapa na ya nyota zinazoenea vizuri. Bisibisi iliyolika huharibu vichwa vya skrubu, na skrubu za kabureta ni laini.
- Pampu ya baiskeli kwa ajili ya kupuliza jeti.
- Uzi wa nailoni wa mshipi wa kuvulia samaki, ule mwembamba.
- Kipande cha mpira wa levo, ule mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani ambao mafundi ujenzi hutumia kusawazisha msingi.
- Chupa ya kioo yenye mdomo mpana, kwa kupimia petroli.
- Plasta au utepe wa umeme, na kalamu.
- Kitambaa cheupe cha kutandika chini, ili kinachodondoka kionekane.
- Simu yako. Piga picha kila hatua kabla ya kutoa kitu.

Chunguza haya kabla hujagusa kabureta

Matatizo mengi yanayolaumiwa kabureta yako nje yake. Pitia hivi kwanza:

1. Petroli yenyewe. Chota kidogo kwenye chupa ya kioo, acha itulie dakika kumi. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo yatakaa chini na utaona mstari. Kwenye uwanda wa Makonde maji husombwa kwa madumu, na dumu la maji likibebeshwa petroli, matokeo yake ni hayo. Uchakachuaji kwa mafuta ya taa ni kesi nyingine. Mwaka 2011 Serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuua faida ya kuyachanganya, lakini mafuta ya chupa za barabarani bado yanahitaji macho.
2. Mfuniko wa tangi. Una kitundu cha kupumulia. Kikiziba, pikipiki inatembea kidogo kisha inazima. Ukifungua mfuniko ikawaka tena, umepata jibu bila bisibisi.
3. Ea klina. Ikiwa imejaa vumbi, hewa haitoshi na petroli inazidi. Isafishe au ibadilishe kabla ya yote. Ukisetisha kabureta huku ea klina ni chafu, siku utakapoisafisha mahesabu yote yanaharibika.
4. Mpira wa kati ya kabureta na injini. Ukipasuka, hewa inaingia kwa wizi. Injini ikiwa baridi na inanguruma, paka maji ya sabuni kidogo kwenye mpira kwa brashi. Mlio ukibadilika, au povu likivutwa ndani, hapo ndipo penye ufa. Usipime kwa kumwagia petroli.
5. Waya wa resi. Mkono wa resi uwe na ulegevu wa milimita chache kabla haujaanza kuvuta. Washa, kisha geuza usukani kushoto mpaka mwisho, halafu kulia. Mlio ukipanda wenyewe, waya umekazwa au umepitishwa vibaya. Usiendeshe hivyo. Pikipiki inayojiongeza resi kwenye kona ni ajali.
6. Valvu na plagi. Nafasi ya valvu ikiwa imebana au kulegea kupita kiasi, hakuna kabureta itakayokaa sawa.

Kusafisha jeti bila kuziharibu

Funga koki ya mafuta. Tumia skrubu ya chini ya bakuli kumwaga petroli iliyomo, ndipo ufungue bakuli. Ndani utaona boya, na katikati jeti mbili: ndogo ya mlio wa chini na kubwa ya mwendo.

Kosa kubwa la vijiweni ni kuzibua jeti kwa waya wa chuma au sindano. Jeti ni ya shaba laini, na tundu lake limepimwa kiwandani. Piga hesabu: tundu la milimita 0.9 likipanuka kuwa milimita 1.0, eneo lake linaongezeka kwa karibu asilimia 23. Jicho halioni tofauti hiyo, lakini tangi linaiona, na hakuna skrubu ya kuirudisha.

Loweka jeti kwenye petroli safi, pitisha uzi wa nailoni, kisha puliza kwa pampu ya baiskeli ukiwa umeelekeza uso pembeni. Inyanyue dhidi ya mwanga wa jua. Unatakiwa kuona duara safi. Ndogo ndiyo inayoziba zaidi, na pikipiki inayowaka kwa choki tu, ikazima ukiirudisha choki, mara nyingi inalilia jeti hiyo.

Usikaze jeti kwa nguvu unapoirudisha. Ikigota, inatosha.

Kupima kiwango cha petroli kwa mpira wa levo

Boya ndilo linaloamua petroli ikae kimo gani ndani ya bakuli. Kimo kikizidi, petroli inavuja kwenye kimrija cha chini. Kikipungua, injini inakosa nguvu kwenye mwendo.

Chomeka mpira wa levo kwenye kimrija cha kumwagia cha bakuli, upinde kwenda juu ubavuni mwa kabureta, ushikilie wima. Pikipiki isimame sawa, isiegemee stendi ya pembeni. Fungua koki ya tangi, kisha legeza skrubu ya kumwagia. Petroli itapanda kwenye mpira na kusimama kwenye kimo kilekile cha ndani ya bakuli, kama maji ya fundi ujenzi yanavyofanya ukutani. Kwa kabureta nyingi ndogo kimo hicho huwa chini kidogo ya mstari ambapo bakuli linaungana na mwili wa kabureta. Kikiwa juu ya mstari huo, sindano ya boya imeisha au ina uchafu.

Kusetisha, hatua kwa hatua

Kuna skrubu mbili za nje. Moja inasukuma kizibo cha resi na kupandisha au kushusha mlio. Nyingine, ndogo zaidi, inarekebisha mchanganyiko. Hiyo ya pili ndiyo inayowachanganya watu, kwa sababu inategemea ilipo:

- Ikiwa upande wa ea klina, inadhibiti hewa. Ukikaza, hewa inapungua na petroli inazidi.
- Ikiwa upande wa injini, inadhibiti mchanganyiko unaoingia. Ukikaza, petroli inapungua.

Ukishaijua, endelea hivi:

1. Endesha pikipiki dakika kumi ipate joto. Choki iwe imerudishwa.
2. Zima. Kaza skrubu ya mchanganyiko polepole ukihesabu mizunguko mpaka iguse mwisho. Usiilazimishe, ncha yake ni nyembamba. Andika idadi kwenye simu. Hiyo ndiyo njia yako ya kurudi ulikotoka.
3. Ilegeze mizunguko ileile. Kama hujui ilikuwaje, anzia mizunguko miwili. Nyingi huishia kati ya mmoja na nusu na miwili na nusu.
4. Washa. Pandisha mlio kidogo kwa skrubu ya resi ili isizime.
5. Geuza skrubu ya mchanganyiko robo mzunguko, subiri sekunde kumi, sikiliza. Endelea upande ambao mlio unapanda na kutulia.
6. Utafika mahali mlio unaanza kushuka tena au kuyumba. Rudi nyuma mpaka ulipokuwa juu na umetulia. Hapo ndipo penyewe.
7. Sasa shusha mlio kwa skrubu ya resi. Injini nyingi ndogo huhitaji mizunguko 1,300 hadi 1,500 kwa dakika.
8. Piga resi haraka mara moja. Injini ipande bila kusita na ishuke bila kuning'inia. Ikichelewa kushuka, petroli bado ni pungufu au kuna hewa ya wizi. Ikishuka mpaka kutaka kuzima, petroli imezidi au umeshusha mlio mno.

Kwa sikio huwezi kuhesabu mizunguko. Kwenye mizunguko 1,400 injini ya aina hii inawaka karibu mara 12 kwa sekunde. Lakini unaweza kulinganisha. Rekodi sauti ya ekzosi kwa simu, sekunde thelathini kabla na thelathini baada, ukisimama mahali palepale. Mlio unaoyumba utausikia wazi ukizicheza zote mbili.

Tatizo linatokea wapi kwenye resi?

Bandika plasta kwenye mkono wa resi na nyingine mahali pasipozunguka, kisha chora alama za robo, nusu na robo tatu. Ukiwa barabarani tulivu, angalia tatizo linatokea kwenye alama ipi:

- Kabla ya kufika robo: jeti ndogo au skrubu ya mchanganyiko.
- Robo hadi robo tatu: sindano ndefu ya kwenye kizibo. Kwenye kabureta zenye klipu ya kuhama, ukipandisha klipu sindano inashuka na petroli inapungua.
- Robo tatu hadi mwisho: jeti kubwa.

Baadaye toa plagi injini ikipoa. Rangi ya kahawia hafifu ni nzuri. Nyeusi yenye masizi makavu ni petroli nyingi au ea klina chafu. Nyeupe kama chaki ni petroli pungufu, usisafiri mbali hivyo. Nyeusi yenye oili ni ringi au sili za valvu, na hiyo kabureta haihusiki.

Ukiwa na kabureta mbili

Pikipiki za aina hii ni chache huku, lakini zipo, na wasafiri huzipitisha Daraja la Umoja, lililofunguliwa mwaka 2010 juu ya Mto Ruvuma, wakienda au wakitoka Msumbiji. Fundi wa kijijini anaweza kuisaidia moja bila mashine ya gharama.

Njia ya kwanza ni ya sikio. Weka ncha ya mpira kwenye koo la kabureta moja na ncha nyingine karibu na sikio, usikilize mvumo wa hewa, kisha hamia ya pili. Mvumo mkubwa maana yake imefunguka zaidi. Njia hii inakusogeza karibu, haikufikishi.

Njia ya pili inatumia mpira wa levo mrefu, mita nne au zaidi. Ufunge kwenye ubao kwa umbo la U na utie oili nyepesi chini ya mkunjo. Usitumie maji, kwa sababu yakivutwa ndani yanaidhuru injini, wakati oili kidogo itatoa moshi tu. Zebaki usiiguse kabisa, ni sumu.

Unganisha kila ncha kwenye tundu dogo lililo kati ya kabureta na injini, ambalo huwa limezibwa kwa kifuniko cha mpira au skrubu. Injini ikiwa ya moto, washa. Oili itapanda upande unaovuta zaidi, na kwa kawaida huo ndio ambao kabureta yake imefungika zaidi. Ikipanda kwa kasi, zima mara moja. Geuza skrubu iliyo kati ya kabureta mbili kidogokidogo mpaka oili isimame kimo kimoja pande zote. Pandisha resi kidogo, hakiki tena, kisha rudisha vifuniko.

Vumbi, salfa na mlima

Wengine husema pikipiki ya Masasi lazima ibadilishwe jeti ikihamia Newala. Si lazima. Hewa hupungua uzito kwa takriban asilimia moja kwa kila mita 100 unazopanda. Newala iko zaidi ya mita 600 juu ya usawa wa bahari, na ukitoka Masasi hupandi hata zote hizo. Utapoteza nguvu kidogo, na skrubu ya mchanganyiko inatosha kurekebisha.

Adui mkubwa ni vumbi. Kiangazi, na hasa msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho, ea klina inajaa kwa siku chache. Ikague kila wiki. Kuna jambo jingine la msimu huo: mashine nyingi za kupulizia hutumia petroli iliyochanganywa na oili. Weka alama kwenye madumu. Petroli hiyo ikiingia kwenye pikipiki, plagi inachafuka na lawama zinakwenda kwa kabureta.

Pima matokeo kwa hesabu

Jaza tangi mpaka shingoni, andika kilomita, fanya kazi zako za siku moja au mbili, kisha jaza tena mpaka palepale. Gawa kilomita kwa lita zilizoingia.

Mfano: pikipiki iliyokuwa inakwenda kilomita 35 kwa lita ikafikia 45, dereva anayetembea kilomita 120 kwa siku anaokoa karibu robo tatu ya lita kila siku. Zidisha kwa bei ya kwenu. Bei kikomo za mafuta hutangazwa na EWURA kila mwezi, na unaweza kuzipata kwa kupiga *152*00# na kufuata maelekezo.

Lini umpelekee fundi

Mpelekee fundi kama kizibo cha resi kimechubuka na kulegea ndani ya koo la kabureta, kama skrubu ya mchanganyiko imekatika ncha, kama petroli inaendelea kuvuja baada ya kusafisha, au kama plagi ina oili. Mpelekee pia idadi ya mizunguko uliyoandika, picha zako na ile sauti uliyorekodi. Fundi mzuri hatachukia kuviona. Vitampunguzia kubahatisha, na wewe vitakupunguzia gharama.

Hifadhi makala hii kwenye simu yako, na kama kijiweni kwenu kuna mwenzako asiye na bando, msomee.